Akina Atabaki wa Igoma

Shangazi Tabitha, shikamoo.

Huku Mwanza mvua inanyesha jua likiwaka, na hakuna anayeshangaa. Jana niliona kibao Igoma: "Atabaki, Fundi Cherehani." Nikaingia, maana wewe husema jina hili ni letu peke yetu, kwamba babu alipewa baada ya kaka zake wote kufa wachanga.

Fundi akasimamisha cherehani. "Bibi yangu alipokuwa na uchungu wa kumzaa baba, mgeni wao, kibarua wa pamba kutoka Njombe, alimpakia kwenye baiskeli hadi zahanati. Mtoto akapewa jina la mgeni."

Ni babu, Shangazi, wa kwetu Njombe. Hakuwahi kutuambia.

Huku akina Atabaki wako kumi na wanane. Nikashukuru Mungu, maana jina haliwezi kupotea tena hata nisipooa, nawe unaweza kupumzika.

Fundi akanikaribisha ugali na sato, akauliza nina watoto wangapi. Nikasema sina. Akalirudisha tonge kwenye sahani.

"Sisi tumelilea jina lenu miaka yote hii," akasema, "nyinyi mnafanya nini?"

Ameomba namba yako ya simu. Nimempa. Umeze dawa ya presha kabla hajapiga, nakupenda sana.

Mwanao, Yona