Kamera Nyuma ya Bango la Sabuni

4 Machi

Mdogo wangu Winchi,

Hujambo? Mama hajambo? Mgongo wake unasemaje siku hizi? Mimi mwili ni mzima, ila roho inaumwa, na aliyeiumiza ni wewe.

Naandika kwa sababu kwenye simu tutagombana, halafu utakata na kusingizia mtandao. Barua huwezi kuikata.

Leo nimeletewa karatasi kutoka ofisi ya usalama barabarani. Ina picha ya gari langu la kufundishia, sehemu ya nyuma tu, namba inasomeka safi kabisa. Mahali ni ule mteremko wa kiwanda cha matofali, siku ya Jumanne jioni. Mwendo tisini na kitu. Pale mwisho hamsini, Winchi! Kamera yenyewe wameificha nyuma ya lile bango la sabuni. Mimi napita pale na wanafunzi kila wiki na sijawahi kuiona.

Sasa niambie, Jumanne ile gari lilikuwa na nani? Liliniharibikia hapo kwako nilipokuja kumwona Mama, nikarudi mjini kwa basi, ukaniahidi utalivuta kwa lori lako la kazi, lile la winchi, mpaka gereji ya huku. Kumbe ulilitengeneza kienyeji, ukaliwasha, ukalitimua! Nakujua mimi. Baiskeli ya Baba uliimaliza kwa mbio za mteremkoni, na hili gari umelionaje?

Sikiliza kilichonipata. Mwalimu wa udereva akipatikana na kosa la mwendo, ananyang'anywa leseni ya kufundishia. Si onyo, ananyang'anywa. Mkuu wa shule ameshanitoa barabarani mpaka shauri lisikilizwe mwisho wa mwezi. Nimewekwa mapokezi, napokea simu. Wanafunzi wangu amepewa mwalimu mwenzangu, yule bwana wa kufoka, anawafokea mpaka wanakanyaga mafuta badala ya breki. Yuko mama mmoja mshonaji, ndio kwanza alikuwa ameweza kuondoa gari bila kuruka kama chura. Jana ametoka kwenye somo analia. Nikaingia chooni na mimi nikalia.

Hii ndiyo kazi ninayoijua, na ninaipenda. Niambie ukweli.

Dada yako


9 Machi

Dada,

Shikamoo. Mama mzima. Mgongo unamuuma akiona vyombo vichafu, akija mgeni unapona. Mimi nilikuwa mzima mpaka nilipofungua barua yako.

Dada, umeniumiza kweli. Niliendeshe? Gari lile halikuwa na gia hata moja! Giaboksi ilikuwa imekufa, ungeliwasha lingenguruma hapo hapo lilipo mpaka mafuta yaishe. Naapa kwa uhai wa Mama, ambaye amesimama nyuma yangu hapa anataka kujua naandika nini: matairi ya mbele ya gari lako hayakugusa lami tangu hapa nyumbani mpaka gereji. Lilikuwa kwenye ndoano yangu, pua juu, njia nzima. Muulize fundi aliyelipokea.

Kwa hiyo nenda kwenye shauri kifua mbele. Waambie gari lilikuwa linavutwa. Gari linalovutwa litakimbiaje? Watakuomba radhi hao. Na uwaulize kwa nini kamera ya serikali inajificha nyuma ya sabuni kama mtu anayedaiwa.

Mimi ni mtu wa mbio, sawa, sikatai. Lakini mwongo si mimi. Usinione hivyo tena.

Mdogo wako


13 Machi

Mdogo wangu,

Hamjambo wewe na Mama? Mwambie dawa ya kuchua nimeipata, naituma na basi la Ijumaa.

Barua yako niliisoma nikaruka kwa furaha. Nikaitia mkobani, mbio mbio nimpelekee mkuu wa shule. Nilipofika mlangoni kwake nikaisoma tena.

Winchi, hebu ikumbuke vizuri hiyo barua uliyoniandikia. Gari langu lilikuwa kwenye ndoano yako. Sawa. Na lilikuwa linakwenda tisini na kitu. Sasa lile lori lililokuwa mbele yake, lilikuwa linakwenda ngapi?

Haya. Umeona?

Nimekwenda ofisini kwao kuomba picha nzima, maana ile ya kwenye karatasi walikuwa wameikata. Wakanionyesha. Juu ya gari langu unaonekana mkono wa chuma wa winchi na nusu ya taa yako ya njano. Namba ya lori haionekani, gari langu limeiziba. Afande akaniambia wazi: nimtaje aliyekuwa ananivuta, au kosa nilibebe mwenyewe.

Nisamehe kwa kukuona mwongo. Hukuliendesha. Ulilining'iniza na kulitimua mteremkoni, Mungu wangu, lingechomoka je?

Jambo hili nimelala nalo, nimeamka nalo. Nikikutaja, leseni yako inakwenda. Lori si lako, tajiri wako atakutoa siku hiyo hiyo, na Mama anakaa kwako. Kwa hiyo sikutaji. Siku ya shauri nitasaini kwamba kosa ni langu, yaishe. Kazi ya mapokezi nitaizoea.

Usimwambie Mama. Nijibu tu kwamba umenielewa.

Dada yako


22 Machi

Winchi,

Habari za huko? Dawa ilifika? Mbona kimya?

Nilimpigia Mama, nikajifanya namuulizia mgongo. Anasema siku hizi unatoka asubuhi kwa miguu, lori umeliacha, na ukirudi huongei. Sasa umenitia wasiwasi. Usifanye jambo la kichaa, tafadhali.

Mshonaji wangu alikuja mapokezi jana. Ameniambia amesimamisha masomo mpaka nirudi. Nikamsifia gauni.

Shauri ni wiki ijayo. Nitasaini, nimeshasema. Wewe niandikie hata mstari mmoja.

Dada yako


27 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Dawa ilifika, Mama anajichua mpaka nyumba nzima inanukia kama kliniki. Nisamehe kwa kimya. Ningekujibu mapema ungenizuia.

Usisaini chochote.

Barua yako niliisoma mara tatu. Niliona aibu, Dada, aibu ya kweli. Mimi nakwambia nenda kifua mbele, kumbe nakutuma ukanisemee! Unavyonijua, huwa nasema kwanza, nafikiri baadaye. Safari hii nikaanza na kufikiri.

Ngoja nikueleze kwa nini ilionekana namba yako. Sisi wavutaji tuna kibao cha ziada chenye namba ya lori. Ukivuta gari, unakifunga nyuma yake, ili popote linapopita namba inayosomeka iwe ya lori. Siku ile Mama alileta kigoda chako nikuletee huko, akasema kisifike kimevunjika mguu. Nikatafuta kamba ya kukifunga, kamba iliyokuwepo ni ile ya kibao. Kibao nikakitupa chini ya kiti. Kigoda kilifika salama, si ndiyo? Haya, ndicho kilichokuponza.

Na mbio zenyewe, sina cha kusingizia. Gereji ya huko inafunga mapema. Nilitaka fundi alipokee siku ile ile ili usikose masomo ya asubuhi. Nilikuwa nakuharakishia wewe, nikakuharibia wewe.

Basi nikashuka mpaka ule mteremko kwa miguu yangu. Nikaikuta kamera yao, kweli imejibanza nyuma ya bango. Nikatafuta kibao cha kuwaonya madereva kwamba hapa kuna kamera, na kile cha hamsini. Vyote viwili nilivikuta vimelala kwenye majani, vimeshaota kutu. Nikarudi na kesho yake, na kesho kutwa, nikisema labda atapita mtu wa kuvisimamisha. Hakupita mtu.

Ndipo nikaenda kwa afande. Nikamwambia, dereva ni mimi, andika jina langu. Dada yangu alikuwa kwenye basi. Nimekosa, lakini na nyinyi hapo mmekosa, twende ukaone. Alinitazama kama mgonjwa aliyetoroka wodini. Hata hivyo alikuja, akavikanyaga vibao kwa kiatu chake mwenyewe, akakuna kichwa. Akaniambia jibu litatoka kwenye shauri lako.

Tajiri nimemweleza kabla hajasikia kwa watu. Amefoka mpaka mishipa ikamtoka. Lakini hakunifukuza, ameniweka gereji nikaze nati mpaka ijulikane moja. Mama naye anajua. Alinipiga kofi la mgongoni, kisha akanipakulia chakula.

Leseni yangu ikienda, iende. Wewe rudi kwenye gari lako. Mimi nitapata usingizi.

Mdogo wako


2 Aprili

Mdogo wangu mwenye kichwa kigumu,

Hamjambo? Mimi sijambo, na leo nasema hivyo kutoka moyoni.

Nilikwenda kwenye shauri. Afande akasoma maelezo yako mbele ya watu wote, hadi habari ya kigoda, chumba kizima kikacheka. Mzee aliyekuwa anasikiliza shauri hakucheka. Akaniuliza, "Huyu ni ndugu yako kweli, au umemkodi?" Nikamwambia ni wa tumbo moja, na kwamba nilitaka kusaini ili nimfiche. Sijui nilipata wapi ujasiri. Akavua miwani, akasema, "Basi mmejaribu kuibiana kosa." Akanifutia. Pale pale, Winchi! Mchana nilikuwa barabarani na mshonaji wangu. Tumekwenda mpaka sokoni na kurudi, gari halikuruka hata mara moja, na tulipofika akanikumbatia mpaka kofia ikanivuka.

Sasa wewe. Afande alisimama akasema vibao vilikuwa chini, hilo alilikuta kwa macho yake. Kamera wanaiondoa pale mpaka visimamishwe. Kwa hiyo faini hupigwi na leseni hunyang'anywi moja kwa moja. Lakini mwendo ule na gari ndoanoni hawawezi kuufumbia macho, na mimi nilikuwa wa kwanza kutikisa kichwa kukubali. Leseni yako inashikiliwa mpaka urudie mafunzo na kufaulu upya. Tajiri wako nimempigia mwenyewe. Amekubali kukungoja.

Mafunzo lazima yawe kwenye shule inayotambuliwa. Kwa wilaya zetu zote mbili inayotambuliwa ni moja tu, hii yetu. Mkuu wa shule akauliza nani atamchukua huyo mwendawazimu. Yule bwana wa kufoka alikuwa ameshanyoosha mkono, nikaushusha.

Kwa hiyo njoo Jumatatu. Utalala kwangu. Utakaa kiti cha dereva, utafunga mkanda, utasubiri nikuambie uwashe. Nilikuwa tayari kuacha kazi hii kwa ajili yako, na wewe ukaacha yako kwa ajili yangu. Hilo siwezi kulisema ukiwa mbele yangu, nitalia, ndiyo maana nimeliandika. Ndani ya gari usitarajie huruma yoyote. Nitakuanzisha kwenye uwanja wa shule, gia ya kwanza, wiki nzima. Na upande wangu kuna breki, Winchi.

Dada yako, na mwalimu wako