Flai ya Zambarau

Mami,

Leo ni Ijumaa. Nimetoka kanisani Mesaimeer na sijavua hata viatu. Nimekaa kitandani kwetu Abu Hamour, kiyoyozi kinanguruma, wenzangu wawili wameenda sokoni kutafuta sukuma wiki. Nataka kukuandikia kabla hawajarudi, maana wakinikuta naandika wataniuliza ni nani siku hizi anaandikiwa barua kwa kalamu.

Nianze na habari za nyumbani. Nyambura alijifungua. Msichana wa pili, na kwetu wa pili hupewa jina la mama wa mke, kwa hivyo ni wewe. Anaitwa Wangechi. Nikipiga simu, Nyambura humweka mbele ya kamera nami nashindwa namna ya kumsalimia. Juzi nilimwita "Mami" akapiga chafya, dada yangu akacheka mpaka akakaa chini. Nami nikacheka. Kisha nikakata simu nikasingizia netiweki.

Mvua ilikuwa nzuri mwaka huu. Ng'ombe mweusi alizaa. Mchungaji wetu amehamishiwa Othaya, na huyu mpya wanasema anahubiri mpaka chakula kinapoa.

Sikuja kukuzika, Mami. Unajua. Nilikuwa nimetoka kwa yule madam niliyemfanyia kazi za nyumbani na kuingia hotelini, ikama mpya, kile kibali cha kukaa huku, ilikuwa haijatoka, na ningetoka nchi hii nisingerudi. Nilikutazama kwenye simu, nimesimama katikati ya mashuka masafi. Picha iliganda kwenye mgongo wa mjomba. Ilipofunguka, watu walikuwa wanapanda maua. Nikaiweka simu mfukoni nikaenda kutandika vyumba kumi na viwili. Mpaka leo sijui nilivitandika vipi.

Lakini si hayo yaliyonikalisha hapa. Nina jambo la kukueleza, na nataka nilieleze polepole lilivyotokea.

Mwezi wa pili alikuja mgeni hotelini kwetu, pale West Bay. Mzee wa Kanada, mrefu, amepinda kidogo, anaitwa Alan. Binti yake anafundisha hapa Doha, akaja kumtembelea kwa wiki mbili, akalala kwetu kwa sababu nyumba ya binti ni ndogo. Chumba chake kilikuwa zamu yangu na Namukasa, yule Mganda niliyekuambia anaimba akipiga deki.

Siku ya tatu niliingia nikakuta kisanduku cha plastiki mezani, kiko wazi. Nilidhani ni hereni. Nikasogea na kitambaa changu cha vumbi.

Zilikuwa flai, Mami. Safu kwa safu. Ndogo za kahawia kama mbu aliyechoka, za kijani zenye mkia, na upande mmoja zile kubwa, nyeusi na zambarau, manyoya yamelala nyuma kama nywele zilizolowa.  Nikasikia ile harufu ya vanishi iliyokuwa kwenye sweta yako kila jioni uliporudi kutoka kwenye karakana. Pengine haikuwepo. Mimi niliisikia.

Kugusa vitu vya mgeni kwetu ni kosa la kufukuzwa kazi. Namukasa alikuwa bafuni, akiniita. Nilichukua moja ya zambarau nikaiweka kiganjani. Na ndivyo mzee alivyonikuta, mlango uko wazi, flai yake mkononi mwangu.

Nilimwambia samahani. Nilisema samahani kama mara sita. Hakukasirika. Alifikiri sijui ni kitu gani, akaanza kunieleza kwa upole kwamba ni mdudu wa kutengenezwa, wa kuvulia samaki, kwamba ndani kuna ndoano, niangalie nisijichome.

Nikamwambia, "Najua. Mama yangu alikuwa anazifunga."

Akanitazama. "Mama yako anavua?"

"Hapana. Alizifunga. Miaka ishirini na tisa. Nyeri, Kenya."

Mami, ungemwona huyo mzee. Alivuta kiti akaniambia niketi, nikakataa kwa sababu ya kazi, basi yeye naye akakataa kuketi, tukasimama wote wawili mbele ya meza kama watu waliokutana matangani. Akaniuliza hili ni nyoya la nini, nikamwambia ni la shingo ya jogoo, na ni la jogoo aliyefugwa kwa ajili hiyo tu, si wa kuchinja. Akauliza kwa nini uzi haufunguki. Nikamwonyesha kwa kidole jinsi ulivyokuwa ukizungusha, mara tano, kisha unapitisha uzi chini ya uzi na kuvuta. Sikujua kwamba nakumbuka. Kidole kilijua.

Namukasa akatoka bafuni na ndoo. "Wairimu, wewe unafanya nini? Tuna vyumba!"

"Huyu mama yake ametengeneza flai," mzee akamwambia, kana kwamba Namukasa atajua ni kitu gani.

Alinieleza kwamba hununua kisanduku kizima kwenye duka moja karibu na mto wao, na kwenye kadi huandikwa zimefungwa Kenya. Akanipa miwani yake ya kusomea na kuniuliza, kama mtu anayeogopa jibu, ipi hapo ni ya mama yako. Niliziangalia moja moja dirishani. Nilitaka sana kumwambia ni hii. Lakini mlikuwa wanawake arobaini mle ndani, mlifundishwa mkono mmoja, na kazi yenu ilikuwa kufanana. Nikamwambia sijui. Nikamwambia tu kwamba ile miaka yako ya mwisho ulipewa hizi za zambarau, kwa sababu ni kubwa na macho yako yalikuwa yamechoka.

Ndipo akanieleza ni za samaki gani. Wanamwita stilihedi. Ni trauti, kama wale wa mito yetu ya Nyandarua, lakini huyu huzaliwa mtoni, akishakua huteremka mpaka baharini, hukaa huko miaka, kisha hurudi kwenye mto uleule akiwa mkubwa kama mguu wa mtu. Mto wenyewe ni mpana, alisema, ukimwita mtu wa ng'ambo hakusikii. Unasimama kwenye maji ya baridi mpaka kiunoni, unarusha mshipi, unapiga hatua moja, unarusha tena. Siku tatu unaweza usiguswe na chochote. Na huyo samaki akirudi mtoni huwa hali sana, kwa hiyo hakuna ajuaye kwa nini hukubali kuidaka flai.

Nikakukumbuka, Mami. Mara ngapi ulituuliza hilo swali mimi na Nyambura tukiwa tunamenya viazi? Ulikuwa unainua flai moja kwenye mwanga, unaigeuza, unasema, "Lakini samaki huwa anaamini?" Sisi tunacheka. Nawe unacheka, lakini unaendelea kuigeuza.

Mzee aliniuliza kama uliwahi kwenda kuwaona wakivuliwa. Nikamwambia hukuwahi kuona samaki akishikwa na flai. Hata mmoja. Mto uko juu msituni, unataka leseni na fimbo, nawe ulikuwa na siku moja tu ya mapumziko kwa wiki, Jumapili, nayo ilikuwa ya kanisa na kufua. Trauti ulimjua kwa picha ya kalenda iliyotundikwa ukutani kwenye karakana.

"Miaka ishirini na tisa," akasema. "Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

 Akaniuliza jina lako, nikaliandika kwenye karatasi ya hoteli. Siku alipoondoka, Namukasa na mimi tulikuwa ghorofa nyingine, hatukuagana.

Mwezi wa nne, msimamizi wetu aliniita kwenye redio. Kuna mtu chini anakutafuta, alisema, ametaja jina lako kamili. Namukasa akaniangalia. Wote tulifikiri jambo moja: mzee amepotelewa na kitu. Nilishuka na lifti ya wafanyakazi nikiwa naomba Mungu, na najihesabia ni nini nitamwambia Nyambura nikirudishwa.

Alikuwa binti yake, mama wa makamo aliyebeba mkoba wa shule. "Wewe ndiye Wairimu?" akauliza. "Baba ametuma kitu, akasema nikuonyeshe mwenyewe, nisimwachie mtu." Akatoa simu.

Ni video, Mami. Imechukuliwa na mtu aliyesimama ukingoni. Mto ni wa kijivu, mpana vile alivyosema, milima ina theluji. Mzee yuko majini na kofia. Kwanza anainua flai karibu na kamera. Ni ya zambarau. Kisha anarusha, na ule mshipi unakunjuka hewani taratibu mpaka unalala juu ya maji. Hakuna kitu. Anapiga hatua. Anarusha. Hakuna. Binti akataka kusogeza mbele, nikamwomba aache. Nilitaka kuona zote ambazo hakuna kitu.

Halafu mshipi ukasimama. Mzee akapiga kelele kama mtoto. Fimbo ikapinda, samaki akaruka juu ya maji mwili mzima, mweupe kama sufuria mpya. Walivutana muda mrefu. Alipomleta karibu, akapiga magoti majini, akamgeuza ubavu kidogo. Ana mstari wa waridi hapa ubavuni, Mami. Na kwenye kona ya mdomo, pale hasa, flai imekaa.

Akaitoa kwa vidole viwili. Akamshika samaki chini ya tumbo, kichwa kikielekea maji yanakotoka, akangoja mpaka apate pumzi. Samaki akapiga mkia akaondoka. Ndipo mzee akaitazama kamera akasema jina lako. Alilivunja vipande vitatu, "Wan-ge-chi," lakini alilisema lote.

Nililia mbele ya mapokezi, na sare yangu, wageni wakipita na masanduku. Msimamizi alinivuta pembeni akaniuliza nani amekufa. Nikamwambia mama. Akasema pole, lini? Nikamwambia mwaka jana. Hakuelewa, lakini aliniletea maji.

Anaamini, Mami. Nimeona kwa macho yangu. Anaamini.

Ningependa barua iishie hapo. Lakini kuna lingine, na kama silisemi basi hata haya ya samaki ni ya kujipamba.

Nilipokuja likizo ile ya mwisho, nilikukuta dirishani unafunga flai nyumbani, baada ya karakana kukupumzisha kwa ajili ya macho. Ulikuwa umeinama mpaka pua inagusa vaisi, kile chuma chako cha kubania ndoano. Nami nilikuwa nimetoka Doha na simu mpya na maneno mapya. Nikakuambia uache. Ukasema mikono yako haijui kukaa. Nikasema, na nayakumbuka neno kwa neno, "Mami, umemaliza macho yako kwa vitu vya kuchezea vya wazungu." Ukaendelea kuzungusha uzi. Kesho yake ulipoenda kanisani, nilimwita mtu wa vyuma chakavu nikampa ile vaisi. Na makasi. Na kopo la manyoya nikalimwaga shimoni. Uliporudi uliangalia meza, ukaniangalia, ukasema, "Basi, nitaweka chai."

Hukuniambia lolote zaidi. Mimi nikafikiri umekubali.

Baada ya ile video nilimpigia Nyambura nikamweleza yote, na hilo la vaisi pia.  Kisha akaniambia jambo mlilonificha. Kwamba baada ya mimi kurudi huku, ulikuwa unaenda karakana kila Alhamisi, kwa miguu, unaketi karibu na mlango, unawachambulia wasichana manyoya. Makubwa huku, madogo kule. Huoni vizuri, unayapima kwa vidole. Hakuna aliyekuita na hakuna aliyekufukuza. Na Mama Njoki, mliyekaa naye meza moja miaka yote, alipouliza vaisi yako iko wapi, ulimjibu, "Wairimu ameichukua. Mtoto wangu ananipenda, hataki niumie macho."

Ulinitetea, Mami. Nilikukosea na ukanitetea kwa watu.

Sijui la kufanya na hilo. Nimelibeba wiki tatu. Nimelipeleka kanisani na kulirudisha. Namukasa anasema mama akishasamehe, mtoto hana haki ya kukataa. Labda. Yeye ana mama yake hai, anampigia kila asubuhi, na siku hizi namwacha aongee mpaka mwisho, mimi natandika vitanda vyote viwili.

Ikama yangu imetoka. Nimepewa likizo mwezi wa nane, tiketi ninayo. Kwa hivyo nakuaga sasa kwa karatasi tu, lala salama huko juu, lala bila kuinamia chochote. Nitashuka Nairobi asubuhi na sitalala kwa mtu, nitakuja moja kwa moja. Sijawahi kuona ulipolazwa, Nyambura atanionyesha. Na neno ambalo sikukuambia ulipokuwa unaweka chai, sitaliandika hapa. Nitakuja niliseme pale kwa mdomo wangu, mchana, Mama Njoki akiwa amesimama kando akisikia.

Mwanao,
Wairimu