Ajali Ndogo Niliyokuficha, Baba

Kiganjo, Thika

Baba mpendwa,

Natumaini umeamka salama huko Wundanyi, na kwamba goti halikusumbui sana na baridi hii. Mama aliniambia umeanza tena kushuka shambani kwa miguu, nikafurahi. Mimi ni mzima, na kazi ya maabara hapa hospitalini inaendelea vizuri. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ungenyamaza kidogo tu, nami ningebadilisha mazungumzo.

Baba, nilipata ajali na gari lako.

Ilikuwa Jumamosi mchana, wiki tatu zilizopita, nikitoka Ruiru. Nilipofika Kamakis mvua ilikuwa imeanza kunyunyiza. Pikapu iliyokuwa mbele yangu ilifunga breki, nami nikateleza nikaigonga kwa nyuma. Haikuwa kwa nguvu. Taa yake moja ilivunjika, bampa yetu ikapinda. Akashuka mzee mmoja, Mzee Kamau, mfugaji wa Gatuanyaga. Mkewe alibaki ndani, akanipungia mkono kuonyesha hajaumia.

"Kijana, hii ni kitu kidogo," mzee akaniambia. "Ukiita watu wa bima tutakaa hapa mpaka jioni. Wewe nitengenezee taa, twende."

Nilimtengenezea taa siku hiyo hiyo, tukapeana namba, nikaona yameisha. Nilijua bima iko kwa jina lako, na kwamba wanataka kuambiwa kila ajali hata kama hakuna anayedai kitu. Lakini nilikumbuka umeendesha malori maisha yako yote bila mkwaruzo hata mmoja. Sikutaka wa kwanza uwe wangu.

Siku ya tano Mzee Kamau akapiga simu. Hakunilaumu. Aliuliza tu, kwa vile nafanya kazi hospitali, kama namjua daktari mzuri wa shingo, maana mkewe hawezi kugeuza shingo.

Nilienda kwao nilipotoka tu kazini. Nilimkuta Mama Wanjiku, huyo mkewe, amejifunga leso shingoni, anakamua ng'ombe. Aliposikia hodi yangu ilibidi ageuze mwili mzima ndipo anione.

"Nilimkataza asikupigie," akasema. "Nilijua utaogopa."

Baba, ningependelea anitukane. Mtu niliyemuumiza ndiye aliyekuwa akinihurumia.

Nikawaambia nitaripoti. Mzee akatikisa kichwa. "Watakuuliza mbona umechelewa. Na pengine wakukatalie."

"Wakikataa, wakatae," nikasema. "Lakini mama atibiwe kama mtu aliyegongwa na gari, si kama mtu aliyelala vibaya."

Kesho yake nilimpeleka hospitali. Picha ilionyesha mfupa uko sawa, misuli ndiyo iliyovutika, na sasa anakuja kwa mazoezi mara mbili kwa wiki. Siku hiyo hiyo mimi na mzee tulikwenda polisi tukaandikisha ajali, kisha nikaenda peke yangu ofisi ya bima. Dada aliyenihudumia akauliza swali lile lile nililoonywa: mbona sikuja mapema? Nilitafuta uongo njia nzima, na nilipofika pale sikuwa nao.

"Nilimwogopa baba yangu," nikamwambia.

Hakucheka. Alinisogezea kalamu. "Andika hivyo hivyo."

Hawajakataa, wala hawajakubali. Na vyovyote itakavyokuwa, rekodi yako haitabaki kama ulivyoitunza. Kwa hilo naomba unisamehe. Na unisamehe zaidi kwa wiki hizi tatu, ulizonipigia kila Jumapili kuuliza gari linaendeleaje, nami nikakujibu liko salama.

Nisalimie Mama, umwambie nakula vizuri. Nisalimie dada Wakesho na mtoto wake mchanga, na Mjomba Mwandoe pale kwaya ya kanisa.

Ndani ya bahasha kuna fomu ya bima. Upande wa dereva nimejaza mimi. Upande wa mwenye gari wanataka sahihi yako, na juu yake kuna swali kama niliendesha kwa ruhusa yako. Yule dada wa bima aliniambia madereva wengi hujaza upande huo wenyewe ili kuokoa muda. Mimi nimeuacha wazi, Baba. Ujibu kama unavyoona moyoni.

Mwanao akupendaye,
Mwakio