Kwa Nini Sijaja Kufungua Shamba

Shauri Moyo, Jumatatu

Mama Akinyi mpenzi,

Hujambo wewe, hawajambo watoto, na mgongo wa mama umepata nafuu? Mimi ni mzima wa kusimama. Kutulia ndiko kumenishinda. Tangu nianze mstari huu nimeinuka mara mbili.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yako hupokelewa na Akinyi, na ujumbe wako husomwa na nyumba nzima. Haya si ya watoto. Binamu yangu anakuja huko kesho, nimemwambia bahasha aitie mkononi mwako tu.

Jana uliniambia, "Kama una mwanamke huko, sema, nijue moja." Nikakuuliza habari za mvua, ukakata simu. Mwanamke sina. Ningekuwa naye ningemfanyia nini?

Ulipoondoka baada ya kuniuguza ule upasuaji wa tezi dume, paipu ya mkojo ilikuwa bado haijatolewa. Ilipotolewa mkojo ukagoma, wakairudisha. Ilipotolewa tena ukakosa breki. Navaa nepi, mimi baba wa watoto wanne. Choo chetu hapa unakijua, ni cha mstari mzima wa vyumba, na foleni ya asubuhi hainihurumii. Kule Gikomba tunakounda masanduku ya bati, fundi mwenzangu huniuliza, "Buda, hiyo ni safari ya ngapi chooni? Unachimba kisima?" Nacheka naye. Nyundo naishika, ila nikiinua bati zito najilowesha.

Hilo ningelivumilia. Kubwa ni kwamba tangu upasuaji uanaume wangu haujaamka, hata alfajiri. Nimeandika, basi.

Na kosa ni langu. Unakumbuka tulivyofurahi kusikia nitapasuliwa kwa roboti, tukadhani mashine haigusi isichotumwa. Kila kliniki daktari aliniuliza mambo ya chumbani yanaendaje. Muuguzi aliyekaa pale ni rika la Akinyi, nami nikajibu yako sawa. Miezi mitano nasema yako sawa. Wiki jana nikaomba yule msichana atoke, nikasema kweli. Daktari hakucheka. Alisema kansa imetoka, lakini mishipa ya fahamu ya mkojo na ya kitandani inapita ubavuni mwa mahali alipokata, na hata roboti ikiongozwa kwa uangalifu inaweza kuichosha. "Inaweza kurudi polepole, inaweza isirudi yote," akasema. "Ungeniambia mapema tungeanza dawa mapema. Kliniki ijayo njoo na mama watoto." Amenipa vidonge, na mazoezi ya kubana ambayo nayafanya nikigonga bati, mtu asijue.

Sasa mvua imeshika, na ndugu zangu wawili wanapiga simu kila siku. Kwetu hakuna anayetia mbegu kabla kaka mkubwa hajalala na mkewe, na asubuhi yake mke akatangulia na jembe kufungua shamba. Nilimwambia anayenifuata apande tu. Akasema hawanitangulii, hata mbegu zioze guniani. Nikasingizia kazi. Hao wananingoja mimi, na mimi nangoja mishipa. Naogopa, Mama Akinyi. Naogopa asubuhi yake utoke na jembe huku ukijua si kweli, na naogopa zaidi usitoke.

Nakuja Ijumaa. Sitaki udanganye kwa ajili yangu. Ukiona kulala pamoja tu kunatosha, tutapanda. Ukiona hakutoshi, nitawaita ndugu zangu niwaambie kwa mdomo wangu mwenyewe.

Msalimie mama, umwambie nakula vizuri. Msalimie anayenifuata na mkewe, na mdogo wetu mwalimu. Akinyi na wadogo zake waambie baba yuko njiani.

Jambo moja nakuomba. Nikifika usinitandikie sebuleni kama mgonjwa. Plastiki ya kutandika chini ya shuka letu nimenunua mwenyewe.

Mimi mumeo,
Baba Akinyi