Ufa Juu, Kijani Chini

Jumatatu, 11 Novemba

Mwanga umenikosa tena. Kamera ilikuwa tayari upande wa Kapata: kilima cha taka za mgodi mbele, wingu jeusi nyuma. Jua likapenya chini ya wingu, kilima kikawaka. Mimi nilikuwa nafuta maji kwenye lenzi. Nilipoinua macho, kila kitu kilikuwa kijivu. Tata Ilunga (huku kila mwanamume huitwa tata), anayenibeba kwa pikipiki yake, alicheka hadi akaegemea usukani.

"Bantu banakimbia mvula, wee unaifuata sawa muchawi!"

Gazeti linataka mandhari ya msimu wa mvua. Bila watu. Nimelowa.

Jumanne, 12 Novemba

Nimeipata. Mvua ya mawe, jua, mvua tena, kabla sijabadilisha lenzi. Picha moja safi.

Nyumbani nimeikuza kwenye kompyuta. Karibu na kilele kuna mstari mweusi, unakata kilima upande hadi upande. Ufa. Kwenye picha za wiki iliyopita haupo.

Jumatano, 13 Novemba

Mama Odile, mwenye nyumba ninamopanga, hupanda kilima kile na jirani zake kila mvua inapokatika, kuokota mawe ya kuuza. Vumbi likioshwa, jiwe lenye shaba huonyesha kijani chake. Likikauka, mawe yote hufanana. Kwa hiyo hupanda wakati udongo umelegea kabisa.

Nimemwonyesha picha. Nikaweka kidole kwenye ufa. Yeye akaweka chake chini kidogo.

"Tata, kuza tena. Pale. Haiko kijani ile?"

Ilikuwa kijani. Ukanda mzima. Sikuwa nimeuona.

Nikamwambia kilima kitaanguka.

"Kinaangukaka tangu mi niko mutoto. Na mi niko hapa."

Akavuka kwenda kwa jirani. Nimesikia vigelegele.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimempelekea chifu wa mtaa picha. Aliitazama sana. Atatuma mtu, amesema. Hajatuma.

Ilunga naye ameshasikia. Ameniuliza kijani iko upande gani. Nilikataa kumwambia, akaondoka amekasirika. Mtaa mzima unajua.

Picha nimeituma. Mhariri ameipenda. Sikuhisi chochote. Nimekula bukari, ugali wa huku, sikumbuki na nini. Radi upande wa Mutshatsha.

Ijumaa, 15 Novemba

Mvua ilikatika mchana. Mama Odile akachukua mfuko wake. Nilisimama mlangoni.

"Tata, utoke ku mulango. Mi siende ku vita."

Nikatoka.

Nilimfuata na kamera, kwa sababu huwa natoka na kamera. Jua lilikuwa limetokea, mwanga mzuri kuliko wa Jumanne. Wanawake walikuwa wameinama kwenye ukanda, migongo tu inaonekana. Ufa ulifunguka kimya. Kishindo kilikuja baadaye. Nilipiga picha mpaka vumbi likafunika kila kitu, ndipo nikakimbia.

Tulichimba kwa mikono na masufuria. Ilunga aling'oa kibao cha namba cha pikipiki yake akachimbia hicho. Wengine wametoka hai. Mama Odile alitolewa jioni. Mfuko ulikuwa bado mkononi, umejaa.

Jumapili, 17 Novemba

Tulimzika jana. Wanakwaya wa parokia waliimba vizuri. Ilunga alilia. Mimi nilingoja, hakuna kilichokuja.

Mhariri anaomba picha za Ijumaa. Zile zenye watu. Sijamjibu.

Jioni mvua. Paa la sebuleni huvuja mahali pamoja, na Mama Odile alikuwa anaweka beseni pale kabla ya tone la kwanza. Leo maji yamefika hadi kwenye mlango wa chumba changu. Nimetafuta beseni. Lilikuwa uani, na mawe yake ya wiki iliyopita ndani. Kwa mvua hii yalikuwa kijani sana. Nimeyapanga kando ya ukuta, nikaingiza beseni, nikaliweka chini ya tone.

Limejaa. Nimemwaga. Nimelirudisha.