Hii Ndiyo Ipi?

Kwa mjukuu wangu, mume wangu Idrisa,

Sie huku Chang'ombe wazima. Shangazi yako kajifungua binti, analia utadhani mnadi wa mitumba, kanirithi mie.

Unauliza kwa nini wasioona wanapotea kwenye tovuti yako, ilhali simu zao zinawasomea kila ulichoandika.

Mitumba iliporuhusiwa, nami nilimwaga nguo zangu chini sokoni Temeke, nikanadi kama wenzangu: "Chukua hii! Na hii! Tena hii!" Mama mmoja asiyeona akachuchumaa mbele yangu.

"Hii ndiyo ipi, mwanangu?"

Nikaanza upya: "Gauni la pamba, bluu, mikono mirefu, kifungo cha shingoni hakipo."

Akalipapasa, akalinunua. Nikaendelea kunadi hivyo hivyo, na kumbe hata wenye macho yao, waliokuwa nyuma ya umati, walikuwa hawaoni kitu. Siku hiyo nilirudi nyumbani na gunia tupu.

Jana binti wa jirani kanifungulia tovuti yako. Nzuri, na utaiweza. Lakini kila kona umenadi "bonyeza hapa", "bonyeza hapa".

Hapa ndipo wapi, mume wangu?

Bibi yako,
Mwanaidi