Masizi kwenye Kanzu ya Babu Yako

Mjukuu wangu Nuru,

Assalaam alaykum. Sisi huku Tudor hatujambo, alhamdulillahi. Mamako amepona kile kikohozi, na shangazi yako amehamia Bondeni.

Hata kwenye simu ya video wanipeleleza! Wauliza mbona kabla ya kuanika nguo natazama juu kwanza. Nilizoea kutazama moshi, mwanangu. Pale chini, ukingoni mwa mkono wa bahari, palikuwa na mtambo wa stima wenye dohani mbili ndefu, na babu yako akifanya kazi humo. Upepo ukielekea kwetu, masizi yalitudondokea uani.

Nilipokuwa bi-arusi mgeni, Alhamisi moja nilisahau kutazama. Nikaanika kanzu yake ya Ijumaa, na niliporudi ilikuwa na madoa meusi. Nikaangua kilio. Mavyaa wangu, mamake babu yako, ataniona mke gani?

Akatoka jikoni, akaikunguta ile kanzu taratibu. "Usilie, mwanangu. Hizo ni salamu za mumeo. Ukiuona moshi, jua yu mzima kazini."

Tukaifua tena sote wawili.

Dohani zilipovunjwa majirani walifurahi, nami siwalaumu, maana vifua vya watoto vilipumzika. Babu yako alikuwa keshatangulia mbele ya haki. Siku hiyo niliitoa kanzu yake sandukuni, nikaifua, nikaianika. Kutwa nzima ikakaa nyeupe pe.

Jioni nikaianua, na kabla ya kuikunja nikaikunguta vivyo hivyo.

Bibi yako